Korongo limechukua sanduku la vyeti: tuanzie wapi?

*"Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji katika Wilaya ya Mpwapwa, jirani na reli. Mwezi uliopita korongo lilijaa usiku, maji yakaangusha nyumba za tembe, na kaya 14 zikapoteza karibu kila kitu, vyeti vikiwamo. Wako watu watatu wanaoninyima usingizi. Wa kwanza ni mzee wa miaka zaidi ya 70 ambaye hakuwahi kupata kitambulisho cha Taifa. Wa pili ni kijana aliyemaliza kidato cha nne na anatakiwa kuripoti chuoni akiwa na cheti halisi. Wa tatu ni mama mjane ambaye hati ya kiwanja chao cha mjini imeandikwa jina la marehemu mumewe. Nimeambiwa kwamba ni lazima kila mtu aende Dodoma mjini, kwamba aliyepoteza kitambulisho huanza usajili upya, na kwamba cheti cha kidato cha nne kikipotea ndiyo basi. Amekuja mtu anayesema atashughulikia yote kwa shilingi 30,000 kwa kila kichwa. Karatasi nyingine tumezikuta kwenye matope. Je, tuzitupe? Tuanzie wapi?"*

Mbukwa, Ndugu Mwenyekiti, na poleni sana wewe na wananchi wako. Nikikusoma vizuri, unachohofia hasa ni kwamba watu hawa wamepoteza haki zenyewe pamoja na karatasi: kwamba mzee si raia tena mbele ya ofisi, kijana hakusoma, na mjane hana kiwanja. Hofu hiyo naielewa, kwa sababu kwa miaka kadhaa nilikaa upande wa pili wa meza katika kazi ya usajili, na nilikuwa nikiwaona watu wakiingia wameinamisha vichwa kana kwamba wanakuja kuungama kosa. Hawakuwa na kosa lolote, na watu wako hawana pia.

Naomba tuanze na karatasi za kwenye matope, maana hizo hazina muda wa kusubiri. Msitupe hata moja. Karatasi iliyolowa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili hivi, na ukungu huo hula nyuzi za karatasi na kuacha madoa yanayofunika maandishi. Ndiyo sababu kuzifungia kwenye mfuko wa nailoni "mpaka tupate nafasi" ni njia ya uhakika ya kuzipoteza mara ya pili. Zile zenye tope bichi zioshwe taratibu kwa maji safi kwenye beseni, bila kusugua, kisha zilazwe kivulini juu ya kitambaa safi kinachonyonya maji, mahali penye upepo. Hapo hali ya hewa ya kwetu Dodoma inasaidia, kwani mvua ikikatika hewa hukauka upesi. Jua kali hukunja karatasi na kufifisha wino, na pasi huziunguza, kwa hiyo viepukeni vyote viwili. Karatasi zilizogandamana msizibandue kwa nguvu zikiwa zimelowa. Ziacheni zikauke kidogo kwanza. Cheti kilichowekewa plastiki ambacho maji yameingia pembeni msikichane, kwa sababu mara nyingi wino hubaki kwenye plastiki badala ya kubaki kwenye karatasi.

Kwa mwezi mmoja uliopita huenda mengine yamekwisha kuharibika, lakini angalieni hivyo hivyo. Wino wa peni za kawaida una asili ya mafuta na huvumilia maji, na maandishi ya mashine za kuchapa kwa unga hubaki. Kinachotoroka kwanza ni wino wa mihuri na wa mashine za kuchapa kwa maji. Kipande kinachoonyesha namba tu, hata kama jina limefutika, kina thamani kubwa. Tena hati iliyoharibika ambayo mabaki yake yapo hushughulikiwa kwa wepesi zaidi kuliko iliyopotea kabisa, kwa sababu ofisi inaona kwa macho kwamba hamkuiuza wala hamkuiweka rehani.

Nasema namba ina thamani kwa sababu hiyo ndiyo siri ya kazi hii yote. Cheti ambacho mtu huweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda ni mtoto; mama yake ni daftari. Cheti cha kuzaliwa ni nakala ya ingizo lililoandikwa katika daftari la vizazi chini ya Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, ambayo husimamiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Kitambulisho cha Taifa ni kadi inayoelekeza kwenye taarifa zilizomo katika kanzidata ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA. Hati ya kiwanja ni nakala ya ukurasa ulioko kwa Msajili wa Hati. Korongo limechukua watoto. Akina mama wako ofisini. Kazi yetu, basi, ni kumwonyesha mtunza daftari ukurasa sahihi, na kumridhisha kwamba anayeomba ndiye mwenyewe. Ugumu upo hapo pa pili, kwa sababu kila ofisi hutaka karatasi ya ofisi nyingine ili iamini, na mtu asiye na karatasi yoyote huzungushwa kama tiara. Ndiyo maana mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko mbio.

Tuanze na uvumi wa Dodoma mjini. Si kweli kwamba kila kitu ni lazima kifuatwe huko. Mpwapwa ni makao ya wilaya: usajili wa vizazi na vifo hufanyika kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, NIDA ina ofisi zake wilayani, na kituo cha polisi kipo. Kinachoweza kuwafikisha Dodoma ni hati miliki ya ardhi, ambayo nitaieleza. Kabla ya nauli yoyote, fungueni daftari moja la kitongoji, mwandike kwa kila mtu hati gani imepotea, ilitolewa wapi, mwaka gani kwa kukadiria, namba yake kama inakumbukwa, na mahali nakala inapoweza kupatikana. Waulizeni hasa hilo la mwisho. Watu husahau kwamba waliwahi kupeleka vivuli vya vyeti shuleni, benki, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kwa mwajiri wa zamani, au walimtumia mtoto aliyeko Morogoro picha kwa simu. Niliwahi kuona familia ikipata namba zote za vyeti vyake kutoka kwenye simu ya shangazi.

Daftari hilo litunze kama fedha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kukusanya taarifa za watu kunaambatana na wajibu wa kuzilinda. Lisipigwe picha na kurushwa kwenye makundi ya simu, na lisiandikwe habari za ugonjwa wa mtu. Nalitaja hili kwa sababu miongoni mwa vilivyosombwa bila shaka zimo kadi za kliniki. Waambie wote kwa pamoja, bila kumuuliza yeyote, kwamba anayetumia dawa za kila siku au mama mwenye mtoto wa chanjo aende kituo chake cha afya leo hata kama hana kadi. Kumbukumbu zake zipo kituoni, na dawa hazingojei kitambulisho.

Hatua ya kwanza rasmi ni polisi. Wengi husema "nimechukua RB" wakidhani yamekwisha, lakini RB ni kumbukumbu ya taarifa iliyofunguliwa kituoni. Mnachohitaji ni taarifa ya upotevu, ambayo inataja kila hati kwa aina yake. Jeshi la Polisi hupokea taarifa hizo kituoni na pia kupitia mfumo wake wa mtandaoni, na malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si mkononi. Andikeni ukweli kwamba hati zilisombwa na maji tarehe fulani. Nimeona watu wakishauriwa waandike "zimepotea nikiwa safarini" eti ni rahisi zaidi. Ushauri huo ni mbaya, kwa sababu barua ya kijiji itasema mafuriko na taarifa ya polisi itasema safari, na hapo ndipo mashaka huzaliwa. Sambamba na hilo, kila mtu apate barua ya utambulisho ya Mtendaji wa Kijiji yenye mhuri na, ikiwezekana, picha yake. Barua yako wewe kama mwenyekiti wa kitongoji ni msingi mzuri wa barua hiyo, lakini haisimami badala yake.

Hatua ya pili ni namba ya NIDA, na hapa naomba uwatulize watu wako. Aliyekwisha kusajiliwa hasajiliwi upya, na akijaribu kufanya hivyo atajiletea matatizo, kwa kuwa alama zake za vidole zimo tayari na mfumo utamtambua kama mtu anayetaka utambulisho wa pili. Anachofanya ni kuomba kadi nyingine kwa namba ileile. Namba hiyo ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yake ya kuzaliwa, kwa hiyo hata anayeikumbuka nusu ana pa kuanzia. Huduma ya *152*00# ya Serikali husaidia kuitafuta, na asiyefanikiwa aende ofisi ya NIDA ya wilaya. Akishapata namba, shughuli nyingi zinaendelea hata kabla ya kadi kutoka. Mojawapo ni laini ya simu, ambayo mimi huitanguliza kuliko watu wanavyotarajia: tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama za vidole, hivyo mwenye namba na kidole anaweza kurudishiwa laini yake, na laini ikirudi fedha zilizomo kwenye simu zinarudi, pamoja na uwezo wa kulipa ada za hatua zinazofuata.

Kuna tatizo moja ambalo mjini hawalijui sana. Vidole vya mkulima aliyeshika jembe miaka 40 hufutika michoro, na mashine humkataa mtu mzima kana kwamba hayupo. Asikate tamaa. Mikono ioshwe na ilainishwe kwa mafuta siku mbili tatu kabla, ikaushwe vizuri kabla ya kugusa mashine, vijaribiwe vidole vyote, na mashine ikiendelea kugoma afisa aelezwe ili atumie taarifa nyingine zilizopo kwenye kumbukumbu.

Mzee wako yuko katika hali tofauti, kwa kuwa yeye hakupoteza kitambulisho. Hakuwahi kuwa nacho. Asiingizwe kwenye orodha ya waliopoteza. Anahitaji usajili wa mara ya kwanza, wenye fomu iliyogongwa mhuri na serikali ya kijiji, vielelezo, na usaili ambao maofisa wa Uhamiaji huweza kushiriki. Vielelezo vya mtu wa umri wake havitoki hospitalini. Nendeni kanisani: Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na madaftari ya ubatizo ya makanisa ya zamani mara nyingi yamehifadhi majina ya wazazi na tarehe ambazo hakuna ofisi nyingine inazo. Kama ni Mwislamu, msikiti uliofungisha ndoa yake unaweza kuwa na kumbukumbu. Kadi ya zamani ya chama, stakabadhi ya kodi ya kichwa, vyeti vya watoto wake vyenye jina lake, ushahidi wa rika lake walio hai, vyote vikusanywe. Kwa cheti cha kuzaliwa, njia yake ni usajili uliochelewa kupitia RITA, ambao unaruhusiwa kwa mtu mzima akileta vielelezo vya kuridhisha. Mtu wa kwenda naye ofisini awe anayemfahamu tangu utoto. Vijana wenye haraka hujibu maswali badala ya mzee, na usaili unaharibika.

Kwa kaya nyingine, cheti cha kuzaliwa kilichosombwa ni suala la kuomba nakala ya ingizo lililopo. Ugumu utakaokutana nao ni majina. Katika maeneo yetu mtu ana jina la nyumbani, jina la ubatizo na jina ambalo mwalimu wa darasa la kwanza aliliandika alivyolisikia, kwa hiyo huyo huyo ni Ndahani huku na Ndaani kule. Msitumie mafuriko kama nafasi ya kusawazisha majina au kupunguza miaka. Ombeni nakala kama ilivyoandikwa daftarini, kisha tofauti ishughulikiwe peke yake, kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo au, inapobidi, hati ya kubadili jina inayoandaliwa na wakili. Anayebadilisha na kuomba nakala kwa pamoja huonekana kama mtu mwingine anayejaribu kuchukua cheti kisicho chake.

Kijana wa chuo naye ana njia. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu wa cheti mbadala na pia wa uthibitisho wa matokeo ambao hupelekwa kwa chuo au mwajiri, na miongoni mwa vinavyodaiwa ni taarifa ya upotevu ya polisi na tangazo la gazetini. Atangulie kwenye shule aliyosoma achukue namba yake ya mtihani na barua ya mkuu wa shule. Lakini cheti mbadala hakitoki kwa wiki moja, na chuo hakitamngoja. Kwa hiyo leo hii, kabla ya yote, aandikie chuo barua akiambatisha taarifa ya polisi na chapa ya matokeo yake kutoka tovuti ya Baraza, aombe kuripoti kwa masharti wakati uthibitisho unafuatiliwa. Vyuo vingi hukubali ukitangulia kusema. Mlango hufungwa kwa anayefika siku ya mwisho na hadithi mdomoni.

Sasa mama mjane, ambaye suala lake ndilo gumu kuliko yote, na ndilo pekee ninalosisitiza msilishughulikie wenyewe hadi mwisho. Hapo kuna mambo mawili yaliyofungwa pamoja: hati iliyopotea na mirathi. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, Msajili wa Hati anaweza kutoa hati mpya mahali pa iliyopotea baada ya kiapo na tangazo katika Gazeti la Serikali, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Lakini mwombaji ni mmiliki aliyeandikwa, na mmiliki huyo amefariki. Kwa hiyo ni lazima kwanza mama apate cheti cha kifo cha mumewe, familia ikae kikao na kuandika muhtasari, mirathi ifunguliwe mahakamani, na atakayeteuliwa kuwa msimamizi ndiye aombe hati. Ni safari ya miezi, na nisingependa umpe matumaini ya wiki. Wakati huo huo, mwandikieni Afisa Ardhi wa Wilaya mapema kumjulisha kwamba hati imesombwa na kwamba mirathi inafunguliwa, ili mtu akitokea na nakala au mkataba wa mauziano wa ajabu asikute ofisi haina habari. Baada ya maafa watu wa namna hiyo hutokea, na wakati mwingine ni ndugu.

Kwa mashamba ya kijijini mambo ni mepesi zaidi. Mwenye hati ya hakimiliki ya kimila, iliyotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ana kumbukumbu katika masjala ya ardhi. Asiye na hati yoyote hajapoteza hati. Milki yake inategemea Halmashauri ya Kijiji na majirani wa mipaka, na mkiikagua mipaka sasa, kabla maji hayajasahaulika na vigingi vipya kuchomekwa, mtakuwa mmeepusha kesi nyingi. Waliopoteza makaratasi ya mauziano wasiandike mengine na kuweka tarehe ya zamani, hata kama muuzaji na mashahidi wote wako hai na wanakubali. Huko ni kughushi. Andikeni karatasi yenye tarehe ya leo inayosema kwamba mauziano yalifanyika mwaka fulani, kwa bei fulani, na kwamba karatasi ya kwanza ilisombwa na mafuriko, muuzaji na mashahidi wasaini.

Kuhusu yule wa shilingi 30,000, jibu langu ni hapana. Sisemi kila mtu anayesaidia kwa malipo ni tapeli, kwa maana kuna watu wanaojaza fomu mtandaoni kwa ada ndogo na kazi yao ni halali. Lakini anayeahidi "yote" kwa bei moja hajui kwamba mzee, kijana na mjane wana njia tatu tofauti, au anajua na hajali. Hatari kubwa kuliko fedha ni kwamba atakusanya namba za NIDA na alama za vidole vya kaya 14. Kila aliyekwisha kumpa taarifa zake apige *106# aone ni laini zipi zimesajiliwa kwa jina lake.

Badala yake, mna nguvu ambayo mtu mmoja mmoja hana: mko 14. Kupitia Mtendaji wa Kijiji na Kata, andikeni barua kwa kamati ya maafa ya wilaya, ambayo inatambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, mkiambatisha orodha ya idadi tu bila taarifa binafsi, muombe maofisa wa NIDA, wa usajili wa vizazi na wa polisi waje kijijini kwa siku moja, na muombe pia kufikiriwa kuhusu ada. Hilo la ada linaweza kukataliwa. Hilo la kuja lina nafasi nzuri, hasa likitolewa pamoja na jengo la shule, meza na tarehe mbili za kuchagua.

Kwa mirathi na mabishano ya mipaka, tafuteni wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Afisa maendeleo ya jamii wa wilaya atawaelekeza, na huduma yao haina malipo. Kama katika kaya hizo yumo mtoto aliyebaki bila mzazi, msisubiri siku ya maofisa: apelekewe taarifa afisa ustawi wa jamii sasa hivi, au ipigwe namba 116, kwa sababu mtoto wa aina hiyo anahitaji mlezi anayetambulika kabla ya kuhitaji cheti.

Wiki hii, basi, kijana aandike barua ya chuo, mama aende kuulizia cheti cha kifo, na wewe umpeleke mzee kanisani au msikitini wakati bado kuna mtu anayejua daftari la zamani limewekwa kabati gani.